Ile barua ya kiwanja cha tangi

Mpendwa Hadija,

Salaam nyingi. Huku wazima, mvua tu ndiyo imekawia. Najua nimekaa kimya sana, nawe umekaa kimya vilevile, basi tusilaumiane. Nina haraka.

Hadija, barua ya marehemu Baba Rashidi ya kutoa kiwanja cha tangi iko kwako? Wewe ndiye ulikuwa katibu wa kamati ya maji. Nimepekua sanduku lote: risiti za mafuta, daftari la madeni la enzi ya jenereta, hata soksi moja ya mtoto sijui ya nani. Barua haimo.

Unajua tarehe 1 Julai 2020 mji wetu ulifanywa jiji pamoja na ile mingine 6 ya Uganda, na kaunti yetu ndogo ikamezwa. Watu tukahamia jijini bila kubeba hata mkeka. Maji hayakuhama. Kisima, pampu ya sola, tangi na vioski vilibaki kwenye vitabu vya wilaya kwa kuwa wao ndio waliojenga. Pampu ikifa, jiji wanasema mali si yao, wilaya wanasema eneo si lao. Fundi anasema deni ni letu, na huyo ndiye pekee asemaye kweli.

Sasa wamekubali kukabidhiana. Maofisa wamekuja, wameandika kila mita na kila bomba, hadi kufuli la kioski cha Mama Zaitun. Kwenye kiwanja wakakwama. Bila barua, tangi limesimama kwenye ardhi ya mtu, na jiji hawatalipokea. Rashidi keshanusa. Alinijia palepale chini ya tangi akinisomea Katiba ya 1995, eti ardhi ni ya wananchi, na mwananchi mwenyewe ndiye yeye. Nikacheka, yeye hakucheka. Anadai kodi ya miaka yote.

Halafu kuna jambo wengi hawalioni. Jiji haliuzi maji. Pale katikati wanaouza ni shirika la taifa, National Water. Kwa hiyo leo tutakabidhiwa kwa jiji, kesho huenda jiji nalo likatukabidhi kwa shirika, na kila mlango wataitaka barua ileile. Na akiba ya kamati, zile shilingi za jerikeni tulizokusanya kwa jasho… hiyo nayo sijui itaandikwa kwenye kitabu cha nani. Lakini tuanze na barua.

Unakumbuka aliiandika kwa mkono au ilipigwa chapa? Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alitia muhuri? Yule mwalimu shahidi bado yuko Koboko? Ukiipata nitumie picha kwanza, yenyewe mpe dereva wa basi, usimpe Juma kabisa, unamjua. Na mama mguu umepona? Mbona hukuniambia mmehama nyumba?

Wako,
Amina