Tarumbeta yenye vali nne

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo waandishi wa muziki hulipita haraka kila wanapomsifu Ibrahim Maalouf, mpiga tarumbeta aliyezaliwa Beirut mwaka 1980 na kukulia Ufaransa. Husema tu kwamba amechanganya muziki wa Kiarabu na jazi, kana kwamba kazi yenyewe ni kumimina vitu viwili katika chungu kimoja.

Ugumu uko kwenye ala yenyewe. Tarumbeta ya kawaida ina vali tatu, yaani vibonyezo vya vidole, nazo hushusha sauti kwa hatua za nusu toni, ilhali maqamu nyingi za Kiarabu, yaani ngazi za noti ambazo nyimbo hujengwa juu yake, zina sauti zinazokaa katikati ya hatua hizo. Katika maqamu ya Rast, kwa mfano, noti ya tatu huangukia mahali ambapo piano haina kitufe. Baba yake, Nassim Maalouf, ndiye aliyebuni tarumbeta yenye vali ya nne ya kuifikia robo toni, yaani nusu ya hatua hiyo ya nusu toni, na mwanawe akaiingiza kwenye jazi.

Msikilizeni anapoibonyeza vali hiyo: noti hulegea kidogo tu, kama sauti ya mtu anayejizuia kulia. Namheshimu sana kwa sababu hakuipunja maqamu ili ienee ndani ya jazi.

Tena Maalouf si wa kwanza katika njia hii: Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi aliyewahi kupiga pamoja na mpiga piano wa jazi Thelonious Monk, alikwisha kurekodi udi, ala ya nyuzi ya Kiarabu, na jazi pamoja huko Marekani mwaka 1958, lakini ni nadra kutajwa. Nawaomba waandishi wenu wamtaje.

Msomaji wenu wa siku nyingi