Mafunzo ya kuogelea yasiwape wazazi usingizi

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala mliyochapisha kuhusu mafunzo ya kuogelea kwa watoto. Ni kweli yanaokoa maisha, na mtoto wa miaka minne kwa kawaida yuko tayari kuyaanza. Ninalopinga ni dhana kwamba mtoto aliyehitimu hana tena haja ya kuangaliwa. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unaingia maji, pumzi inakatika, na yote huisha kimyakimya huku watu wazima wakizungumza hatua chache kando. Nayo maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi ni vifaa vya kuchezea. Huvuja na kuchomoka, tena humzoesha mtoto kusimama wima majini, mkao ambao hauwezi kumfanya aelee.

Kabla ya kulipa ada, mzazi aulize mwalimu mmoja anafundisha watoto wangapi kwa wakati mmoja, na kama anajua kumpumulisha aliyezama. Aulize pia somo la kwanza ni lipi. Mimi ningechagua darasa linaloanza na kuelea chali na kurudi ukingoni, si mbio za mitindo ya kuogelea (medali zitasubiri). Wenye mabwawa nao wabandike majibu hayo mlangoni, na kila kundi la watoto liwe na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine ila kuwatazama, simu ikiwa mfukoni.

Mzazi wa watoto wawili