Mwanaidi, uliza kabla ya kupanda

Rongai, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi sana, na za mama zisipungue; mpe shikamoo yangu na umwambie dua zake zinanifikia. Sisi huku wazima. Mtoto kikohozi kimetulia, baridi ndiyo haijatulia.

Ujumbe wako nimeupata tangu juzi, na tangu juzi roho yangu haina raha. Unafika Nairobi Alhamisi saa mbili usiku, mara yako ya kwanza, pesa ya mzigo mkononi, halafu unamalizia: "nikishuka nitachukua bodaboda, nitajua huko huko." Hapana, mwenzangu. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukurekodia sauti, maana sauti utaisikiliza mara moja huku unakaanga samaki, ikiisha imeisha. Hii isome umekaa, na kwenye treni uirudie.

Kwanza safari yenyewe. Treni inaondokea Miritini, nje ya Mombasa, si pale mjini kwenye stesheni ya zamani. Ukitoka Tanga alfajiri siku hiyohiyo, ugongewe pasi Horohoro na Lunga Lunga, upite Ukunda na kivuko cha Likoni, na mizigo ikaguliwe kabla ya kuingia kituoni, treni ya saa tisa alasiri itakukuta unahema. Toka Jumatano, ulale kwa Mama Salma. Nimeshamwambia. Kadi ya homa ya manjano usiisahau, wakati mwingine wanaiulizia. Kaa dirishani, ukipita Tsavo unaweza kuwaona tembo wamekuwa wekundu kwa udongo wa kule. Mimi niliwaona, nikatamani uwepo.

Sasa sikiliza vizuri. Treni haikufikishi Nairobi mjini. Inaishia Syokimau, nje ya mji, na ukitoka tu watu watakuvamia: "Taxi, sister? Tao, sister?" Usimjibu mtu. Pale pale kuna treni ndogo inayopeleka abiria stesheni ya zamani katikati ya mji. Fuata wenzako, panda hiyo. Ukishuka utanikuta mlangoni nimejifunga ile leso yenu ya harusi ya Zuhura, huwezi kunikosa. Magari ya huku kwangu Rongai, namba 125 na 126, tunayapandia karibu na hapo, panaitwa Railways.

Pesa usibebe zote. Tuma sehemu kwa M-Pesa kuja kwenye laini yangu, Vodacom na Safaricom zinapokezana. Za kubadilisha mpakani, angalia noti za elfu moja. Za zamani ziliachwa kutumika mwaka 2019, mwisho ulikuwa Septemba 30. Noti mpya zote zina picha ya lile jengo refu la mviringo, KICC. Wavunja pesa wengine bado wanawapachikia wageni zile za zamani katikati ya kibunda, kwa hiyo hesabu moja moja hata kama wanakuharakisha. Omba pia noti za hamsini na za mia, utaona kwa nini.

Alhamisi usiku tutakuwa pamoja, sina shida nayo. Ijumaa ndiyo inayoninyima usingizi. Nina zamu, nimeomba ruhusa mara mbili nimekataliwa, kwa hiyo Islii (Eastleigh) kununua mzigo utakwenda peke yako. Tena Ijumaa maduka mengi kule yanafungwa mchana kwa sala, kwa hiyo ama utoke mapema ama usubiri Jumamosi twende wote. Kama ni mimi ningesubiri. Lakini nakujua.

Ukiamua kwenda, jambo moja tu nataka likae kichwani: uliza nauli kabla ya kupanda. Kwetu nauli ya daladala imepangwa na serikali, mvua inyeshe, jua liwake, ni ileile. Huku wenye magari wanapanga wenyewe. Asubuhi watu wakienda kazini inapanda, saa nne inashuka, jioni inapanda tena, na likidondoka tone moja la mvua inaruka. Hakuna karatasi iliyobandikwa. Nauli ni ile anayoitaja makanga, yaani konda, mlangoni dakika ile unapopanda.

Nikusimulie. Wiki yangu ya pili hapa, saa kumi na moja jioni, nimesimama Railways, wingu limetanda. Makanga anaita, "Rongai mia! Mia Rongai!" Nikapanda. Gari linasubiri lijae, mvua ikaanza, na sauti yake nje nikaisikia imebadilika: "Mia na hamsini!" Tulipopita Nyayo akaanza kukusanya. Noti amezikunja kwa urefu, amezipachika katikati ya vidole kama kipepeo, na kila mtu anamdai mia na hamsini. Mimi kwenye pochi nilikuwa na mia na ishirini. Moyo ukanidunda, nikafikiri nitashushwa Lang'ata usiku ule na mvua ile. Mama mmoja mtu mzima, kapu la sukumawiki mapajani, akampa mia yake na kumwambia taratibu bila kumtazama, "Tulipanda na mia." Nyuma kijana akaitikia, "Tulipanda na mia." Mara gari zima. Makanga akanuna kidogo, akachukua mia mia, na waliopandia mvuani wakalipa mia na hamsini yao bila neno, kwa sababu hiyo ndiyo waliyotajiwa wao.

Basi hiyo ndiyo sheria, Mwanaidi, na watu wanaiheshimu. Mguu haujakanyaga ngazi, uliza: "Islii ngapi?" Akikujibu, uliza la pili: "Unafika mpaka wapi?" maana foleni ikibana (wao husema jam) gari linaweza kugeuzia njiani, ukashushwa pasipo pako. Akizidisha baadaye, usipandishe sauti. Sema "nimepanda na" kiasi fulani, wenzako watakuunga mkono. Ukisikia "mbao" ni shilingi ishirini, "soo" ni mia. Kushuka usiseme "shusha", wao husema "shukisha", ingawa ukisema tu "naomba" watajua umetoka Tanzania na wengi watakusaidia kwa furaha. Chenji hupewi papo hapo, itakuja akimaliza kukusanya. Ikumbushie kabla hujafika, na kama una noti ndogo huna haja ya kuisubiri.

Njia yako: ukishuka Railways shika Moi Avenue moja kwa moja. Pale pembeni ya Haile Selassie utaona bustani ya kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 7, 1998, siku ileile ambayo Dar nako ubalozi wao ulilipuliwa. Marehemu baba alikuwa akiisimulia sana siku hiyo, na mara ya kwanza nilipopita hapo nilisimama. Endelea na barabara mpaka Archives, jengo la nyaraka, hapo ndipo watu wote wa Nairobi wanapokutaniana. Ukipotea, rudi hapo. Gari za Islii ni namba 6 na namba 9. Kwa kuziulizia, ingia dukani umuulize mwenye duka. Aliyejileta mwenyewe kukusaidia muache apite. Simu iwe ndani ya mkoba, na ndani ya gari usiishike karibu na dirisha lililo wazi. Jam ikisimama mkono unaingia na simu inaondoka. Nimeliona kwa macho yangu, binti wa watu alilia mpaka Bomas.

Kurudi na mzigo usihangaike na matatu. Ita gari kwa programu ya simu, soma namba ya gari kabla ya kufungua mlango, na dereva akipiga kutaka mkatishe safari mlipane pembeni, kataa, uite mwingine. Bodaboda na marobota na pesa, tafadhali, usinifanyie hivyo.

Sweta leta, asubuhi ni baridi ya kweli. Na papa mkavu, kama mama bado ana yule mzuri wa Mwambani.

Sasa nijibu: tiketi umeshakata, au bado unangoja pesa ya kikoba? Mama atakaa na nani siku hizo? Zuhura ndiye aliyesema anakuja nawe au alikuwa anatania? Pasi haijaisha muda? Na Ijumaa, kweli huwezi kunisubiri mpaka Jumamosi? Siku moja tu. Nijibu leo leo, hata kwa neno moja, nijue umeisoma mpaka hapa.

Wako,
Rehema