Chai ya rangi na pemba vinawanyima wajawazito damu

Ndugu Mhariri,

Wajawazito wengi hapa Tanga wanajua vizuri chakula kinachoongeza damu. Muulize yeyote, atakutajia mchicha, matembele, maharage, dagaa. Kinachotutia wasiwasi ni kile kinachofuata baada ya sahani kuondolewa: kikombe cha chai ya rangi, na kipande cha pemba, ule udongo wa kula, kinachofunguliwa kwenye pindo la kanga.

Majani ya chai yana tanini, nayo hushikana na madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Chuma cha mboga na nafaka ndicho kinachoumia zaidi. Chai ikinywewa pamoja na mlo, zaidi ya nusu yake inaweza kupotea. Si lazima mama aache chai. Asubiri saa moja au mbili baada ya kula, na mezani amenye chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Machungwa ya Muheza tunayo. Ndimu nayo ikamuliwe mbogani sufuria ikishaepuliwa, kwa sababu moto huiharibu vitamini hiyo.

Pemba ni jambo zito zaidi, kwa sababu huliwa kwa siri. Vile vijiti vya udongo, laini kama chaki, vinauzwa sokoni waziwazi, lakini kliniki hakuna anayevitaja kwa kuogopa kuchekwa. Tunaomba sana wasichekwe. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu wenyewe. Udongo hunasa chuma, hufunga choo, na unaweza kubeba mayai ya minyoo au madini ya risasi. Anayekula pemba apimwe wingi wa damu: hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, si kabla.

Halafu vidonge. Mjamzito anahitaji miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, na wengi hupewa kliniki bila shida. Vinaishia kabatini. Vinatia kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi, mama anaogopa. Kisha jirani anamwambia vinamkuza mtoto hadi mama apasuliwe. Choo cheusi ni chuma kilichobaki, hakina madhara. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku wakati wa kulala, kwa maji au juisi ya chungwa, kisimezwe kwa chai wala maziwa. Choo kikiwa kigumu, aongeze maji, mapapai na mboga.

Wapo pia wanaopunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo na uchungu uwe mwepesi. Kujinyima hakuhakikishi uzazi mwepesi, ila kunaongeza hatari ya mtoto kuzaliwa chini ya kilo 2.5. Miezi hiyo ndiyo ya kuongeza mlo mmoja mdogo kwa siku: kiazi kitamu na yai, au uji wenye karanga zilizosagwa.

Tunawaomba wauguzi wa kliniki wamuulize kila mama, kila hudhurio, maswali matatu kwa sauti ya chini: kidonge unameza saa ngapi, chai unakunywa lini, na pemba unakula? Na akina mama wakwe, ambao ndio wanaopika na kupakua, waalikwe kwenye somo hilo hilo.

Wasomaji wako,
Ngamiani, Tanga