Kinywe sio mahindi, Mhariri

Mhariri, nimesoma barua ya yule msomaji wa wiki iliyopita anayetaka kinywe chetu cha Mahenge kule Morogoro (grafaiti, yale madini meusi ya ncha ya penseli) tukisage hapahapa nchini tuwauzie wenye viwanda vya betri, wazo zuri sana na mi namuunga mkono, ila pale aliposema unga ukizidi ulaini na betri inazidi ukali ndo nikaona niandike.

Mi ni fundi wa betri za lithiamu za taa za kuvulia dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Juzi kaja kijana na chupa ya maji imejaa kinywe, kakisaga siku mbili kwenye karasha ileile ya mawe ya dhahabu, gololi za chuma zinagonga usiku na mchana, anataka tutengeneze betri. Nikamfungulia seli mbovu (nilishaimaliza chaji yote, msiige nyumbani jamani) nikamwonesha kile kikaratasi cha shaba kilichopakwa weusi, ukigusa vidole vinateleza kama umeshika ncha ya penseli.

Sasa ule weusi ndo kinywe chenyewe, ni kaboni, na umepangana kama chapati kwenye hotipoti. Ukichaji, lithiamu, ndo inayobeba chaji humo ndani, inajipenyeza katikati ya chapati na chapati, kaboni sita kwa lithiamu moja, ndo inakuja ile hesabu ya miliampia-saa 372 kwa gramu, yaani chaji ambayo gramu moja ya kinywe inabeba. Ukisaga kiasi, punje inakuwa ndogo, lithiamu haina safari ndefu, chaji inaingia fasta. Ukizidisha gololi zinapasua chapati zenyewe, mpangilio unavurugika, kingo zinakuwa nyingi, halafu siku ya kwanza tu ya kuchaji lithiamu kibao inaishia kujenga utando juu ya punje na hiyo hairudi tena. Kuna watu maabara walisaga mpaka wakapata karibu 700, na wengi wakiona hiyo namba wanaacha kusoma, hawafiki pale panapoeleza kwamba umeme unaingia kwa volti ya juu unatoka kwa ya chini, yaani unalipia nauli mara mbili. Na chuma cha gololi kimeshachanganyika humo.

Viwandani punje za kinywe wanazizungusha mpaka ziwe duara, maikromita 10 hadi 20 hivi (maikromita elfu moja ndo milimita moja), wanasafisha, wanazipaka kaboni nyingine juu. Lile vumbi laini kabisa, ambalo kijana alilihangaikia siku mbili na dizeli ya watu, wenzetu wanalichuja wanaliweka pembeni!

Chupa kaniachia. Nalainishia kufuli la kibanda.

Fundi betri,
Kirumba, Mwanza