Kabla hujaniambia "tafuta msichana mzuri": kazi yetu na wanamitindo hapa Lamu

Mimi ni mpiga picha wa mitindo, na ujumbe ninaoupokea zaidi kutoka kwa wenye maduka ya nguo, mafundi cherehani na wenye nyumba za wageni ni huu: nguo ziko tayari, tafuta msichana mzuri, tupige picha Jumamosi, bei gani? Nguo zimetajwa na siku imetajwa. Asiyetajwa ni huyo msichana. Ni nani, picha zake zitaonekana wapi, atalipwa nini, na kwao wana habari? Maswali hayo nitakuuliza kabla sijakutajia bei, na wapo wateja wanaodhani nawazungusha. Naandika haya ili ujue sababu.

Watu wa Lamu si wageni wa kamera. Marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake ya picha hapa mjini tangu miaka ya 1960. Lakini picha ya studio ina utaratibu wake: mtu huvaa nguo aipendayo, hukaa apendavyo, hulipa, kisha huondoka na picha yake. Aliyepigwa ndiye mteja, na picha hukaa albamuni kwake. Picha ya mitindo huenda kinyume cha hapo. Nguo ni yako wewe mwenye duka, mimi nalipwa na wewe, na sura ni ya mtu wa tatu ambaye picha itamtoka mikononi na kwenda kwa watu asiowajua. Mpiga picha aliyezoea harusi na pasipoti akiingia kwenye mitindo bila kuitambua tofauti hiyo, matatizo huanza siku picha zinapotoka, wakati kila mtu ameshalipwa na kutawanyika.

Na mji wetu ni mdogo. Picha iliyowekwa mtandaoni Nairobi asubuhi, jioni inazungumzwa barazani Mkomani. Binti aliyekubali kuvaa dera lako kwa ajili ya ukurasa wako wa Instagram hakukubali kuwekwa kwenye tangazo la baa ya hoteli, wala hakukubali picha ile ile iuzwe kwa kampuni ya vipodozi vya kung'arisha ngozi. Kwako ni picha moja tu katika nyingi. Kwake ni jina lake, na jina la mamake anayepita usita wa mui, njia kuu ya mji, kila siku akisalimiwa na kila mtu.

Wateja wengi hunijibu kwamba wakishalipia picha ni zao. Kwa upande mmoja wana haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi ikiagizwa, haki yake huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Lakini haki ya picha ni kitu kimoja na haki ya sura ni kitu kingine. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu atoe idhini ya wazi kabla taarifa zake hazijatumiwa kibiashara. Picha inayomtambulisha mtu imo ndani ya taarifa hizo, na idhini aliyoitoa anaweza kuiondoa. Haya si maandishi ya kabatini. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila ridhaa ya wazazi. Duka la leso haliwezi kustahimili faini ya namna hiyo.

Kwa hiyo kila kazi ya mwanamitindo ninayoifanya ina karatasi. Ni ukurasa mmoja, umeandikwa kwa Kiswahili, na tunausoma kwa sauti pamoja na mwenyewe kabla hajavaa nguo ya kwanza. Unataja picha zitatumika wapi: mtandaoni, kwenye katalogi, kwenye bango au kwenye mfuko wa bidhaa. Unataja zitatumika kwa muda gani, na muda ukiisha mteja afanye nini akitaka kuendelea. Unataja yale ambayo mwanamitindo hayataki, na hapo kila mtu ana yake: mmoja hataki nywele zake zionekane, mwingine hataki kuhusishwa na pombe wala siasa, mwingine hataki jina lake liandikwe. Siku hizi nimeongeza sharti kwamba sura yake isiingizwe kwenye programu za akili unde (AI) ili avalishwe nguo asizozivaa. Kuna wateja walioniona mkali kwa hilo. Sitalilegeza, kwa sababu mtu akishavalishwa kwa kompyuta kitu asichokikubali, hakuna namna ya kuwaeleza watu wote walioiona kwamba hakuwa yeye.

Aliye chini ya miaka 18 simpigi bila mzazi au mlezi kutia sahihi na kuwapo pale pale tangu mwanzo hadi mwisho. Hata kwa watu wazima, mwanamke akitaka kuja na dadake au khalati yake anakaribishwa, na chakula cha huyo aliyemsindikiza kimo kwenye hesabu yangu. Mwanamitindo aliye na mtu wake pembeni hutulia, na utulivu huo unauona machoni picha ikitoka.

Juu ya malipo. Katika kazi hii kuna desturi ya kubadilishana: mpiga picha anataka picha za kuonyesha kazi yake, mwanamitindo anataka za kwake, hakuna anayemlipa mwenzake na kila mmoja anaondoka na picha. Mimi sioni ubaya wa desturi hiyo, nami huifanya ninapotaka kujaribu mwanga au mtindo mpya. Ubaya unaingia pale mfanyabiashara anayekwenda kuuza nguo anapotaka kujificha ndani yake. Anayeuza alipe. Kumwambia binti kwamba atajulikana si malipo. Nauli ya boti kutoka Mokowe, kule bara, hailipwi kwa kujulikana. Mwanamitindo wangu hulipwa kwa M-Pesa siku ile ile, kabla hatujaachana, hata kama wewe hujazichagua picha zako. Hesabu yake ni ya nusu siku au siku nzima, haiendi kwa idadi ya picha, na picha ya bango hulipiwa zaidi ya picha ya ukurasa wa duka kwa sababu itaonwa na wengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu nani wa kumchagua, nitakuambia ninavyoamini. Wateja wengi huniomba msichana mwembamba, mweupe, wa miaka ishirini, hata kama buibui lao linanunuliwa na kina mama wa miaka arubaini na tano. Mama huyo anapoitazama picha anajiuliza swali moja: mimi litanikaa vipi? Mpe mwanamke wa rika lake na umbo lake, anayetembea kwa madaha, na jibu amelipata. Wanawake wa namna hiyo wapo Langoni, wapo Shela, wapo Matondoni, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu. Nitumie vipimo vya nguo, nami nitatafuta mtu ambaye vitamkaa. Nguo isiyomkaa tutaibana mgongoni kwa vibanio, lakini kitambaa kilichobanwa hakianguki kama kilivyoshonwa, na mnunuzi makini huligundua hilo.

Siku ya kazi yenyewe huanza mapema. Tuko karibu nyuzi mbili tu kusini ya ikweta, na jua la saa sita husimama utosini. Macho huingia kivulini, pua hutupa kivuli mdomoni, na uso mzuri unaonekana umechoka. Kwa hiyo tunaanza jua likishachomoza, tunakwenda hadi kama saa tatu, halafu tunaingia vichochoroni. Hapo ndipo Lamu inapowapita wenye studio kubwa. Kuta za mawe zilizopigwa chokaa zinasimama zikitazamana kwa karibu, mwanga wa jua unagonga ukuta wa juu upande mmoja na kurudi taratibu upande wa pili, na uso uliosimama chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, au kwenye daka, ukumbi wa mlangoni mwa nyumba, hupata mwanga laini hata saa nne na nusu. Nachukua lenzi ya milimita 85 nikitaka uso, au ya milimita 35 nikitaka nguo nzima na mlango wa nakshi nyuma yake. Mlango una mwenyewe, kwa hivyo tunabisha hodi na kuomba, na mwenye nyumba akikataa tunashukuru na kupita. Jioni twaweza kwenda ufuoni Shela, ila ujue kwetu giza huingia upesi jua likishatua. Mteja anayetaka mavazi manne yapigwe mbele ya machweo atapata moja.

Maji nayo yana ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na hukupwa sana, na ufuo uliouona mpana jana waweza kuwa mwembamba saa tuliyoipanga. Kwenda magofu ya Takwa kisiwani Manda, boti hupita mkondo wa katikati ya mikoko ambao hauingiliki maji yakiwa yametoka. Mahali pale pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo kuna kiingilio, na ruhusa ya kazi ya biashara lazima iombwe mapema. Upepo wa kusi ukivuma, shifoni haitulii ufuoni; nguo nyepesi za miezi hiyo tunazipiga mjini.

Mwanamitindo simgusi. Nikitaka bega lishuke, nashusha langu aone. Nikitaka leso ivutwe, kuna mwanamke msaidizi anayeivuta, na huyo huyo ndiye anayesimamia chumba cha kubadilishia nguo, kwa kuwa sikubali mtu avue na kuvaa nyuma ya mashua. Mtu asiyezoea kamera mikono humsumbua kuliko uso, kwa hiyo naipa kazi: afunge leso kiunoni, amimine kahawa, ashike kipuli chake kana kwamba anakivaa. Dakika za mwanzo napiga picha nikijua sitazitumia, ili aizoee sauti ya kamera. Kwenye leso tunaangalia pia jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke na lisikatwe na mkunjo, na mvaaji awe ameliridhia, kwa maana maneno yale yatahesabiwa kuwa ni yake.

Sasa jambo ninaloliombea masikio yako zaidi. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, hukadiria kwamba kila kitu kilicho mbele yake kina wangavu wa kijivu cha katikati. Ndiyo maana kanzu nyeupe hutoka na uchafu wa kijivu, buibui jeusi hutoka limepauka, na uso mweusi mbele ya ukuta wa chokaa huzama gizani. Hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi zetu zikaachwa zitoke zitakavyotoka. Mimi hupima mwanga usoni mwa mtu, naweka ubao mweupe karibu kuurudisha mwanga upande wa kivuli, na weusi wa ngozi hutoka na uhai wake wote: wekundu wake wa ndani, mng'ao wa shavuni, hina mikononi. Mteja akiniambia baadaye "mng'arishe kidogo", nakataa. Ukiung'arisha uso kwa kompyuta unamwambia binti aliyekuvalia nguo yako kwamba hakutosha, na unawaambia hivyo wanunuzi wote wanaofanana naye. Chunusi ya siku ile nitaiondoa. Rangi ya mtu siigusi.

Ukiwa tayari, nitumie idadi ya mavazi na vipimo vyake, mahali picha zitakapotumika na kwa muda gani, na umri wa wanunuzi wako. Nusu ya malipo hutangulia, kwa sababu boti, mpambaji na chumba hulipiwa kabla ya siku yenyewe. Nguo ziletwe zimepigwa pasi. Kwa mavazi ya Idi, yanifikie kabla ya Shaabani kwisha, kwani mchana wa Ramadhani siwasimamishi wanamitindo juani.