Kujipongeza kusiwe kwa chipsi

Mhariri,

Neno "kujipongeza" siku hizi limebaki na maana moja: chipsi mayai, nyama choma na kitu cha baridi. Ndiyo maana lile shauri la kurasa za afya, kwamba ukila vizuri Jumatatu hadi Ijumaa basi Jumamosi ujipongeze, huwaangusha wengi. Kujizawadia si kosa. Kosa ni kuifanya zawadi kuwa chakula kilekile unachojaribu kukipunguza. Ukishakipa hadhi ya tuzo, hamu yake inazidi, na mchicha unabaki kuwa adhabu.

Zawadi itoke nje ya sahani. Kwa wengi kibubu kinatosha. Chukua mfano wa soda: kola ya kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 300 hubeba karibu vijiko vinane vya chai. Siku usiyoinunua, fedha ile ile iingie kwenye kibubu au akiba ya simu saa hiyo hiyo. Ukisema utaweka jioni, jioni itakuta imeshakuwa vocha. Ikiwa soda ni shilingi 1,000 na ulikuwa unakunywa moja kila siku ya kazi, wiki nne ni shilingi 20,000. Andika kabisa juu ya kibubu zitanunua nini: doti ya kanga, raba za kutembelea, kusuka nywele. Kibubu kisicho na jina huvunjwa kabla mwezi haujaisha.

Jambo la pili ni kipimo. Usizawadie kilo. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni, kwa hiyo mtu aliyekula vizuri wiki nzima anaweza kupanda mzani akakosa zawadi yake, akakata tamaa. Yale mashindano ya ofisini ya nani atapungua zaidi ni mabaya kuliko yote: wiki ya mwisho watu hushinda njaa na kunywa dawa za kuharisha. Zawadia tendo linaloonekana, mfano nusu ya sahani ya mchana kuwa mboga za majani. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani mara tu unaponawa mikono. Alama tano kati ya siku saba zitoshe kupata zawadi ya wiki. Anayedai saba kwa saba, akiteleza Jumanne huiacha wiki yote iende.

Na msihesabu zile siku 21 zinazosemwa kutosha kujenga mazoea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London (UCL) waliofuatilia watu wakijenga mazoea mapya walipata wastani wa siku 66, wengine wakikadiriwa kuhitaji 18 tu na wengine 254. Kwa hiyo zawadi ya kila wiki iendelee miezi miwili hivi, kisha iwe ya wiki mbili, kisha ya mwezi. Ukiikata ghafla wiki ya tatu, mazoea bado hayajashika.

Kwa watoto, "maliza mchicha nikupe biskuti" inamfundisha mtoto kwamba mchicha ni kitu kibaya, la sivyo asingelipwa ili aule. Mpe kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akikionja mbandikie stika au umsifu, hata kama hakumaliza. Kesho tena. Mboga ngeni huweza kuhitaji kuonjwa mara kumi au kumi na tano kabla haijazoeleka, na wazazi wengi huacha mara ya tatu.

Angalizo kwa wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenclamide: zawadi isifungwe kamwe kwenye kuruka mlo, kwani sukari inaweza kushuka kwa hatari. Ukiona unatetemeka, jasho jembamba linakutoka na macho yanaingia ukungu, kunywa nusu ya ile chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, upime sukari ya damu baada ya dakika 15. Soda hiyo ni dawa. Alama ya siku hiyo kwenye kalenda isifutwe.

Msomaji wenu,
Morogoro